Wanalipa au Wapagani? Mwongozo Kamili wa Kukata Silabi na Kuweka Mkazo kwenye Vitenzi vya Kiitaliano

Kijana mmoja wa boti pale Watamu alimwambia mteja wake: "I suoi amici pagano domani." Marafiki zako wanalipa kesho. Maneno yote sahihi, sarufi haina doa. Ila alitamka pa-GA-no, na pa-GA-no kwa Kiitaliano ni mpagani. Mzee wa watu akabaki anamkodolea macho. Neno lililotakiwa ni PA-ga-no.

Kosa hili silisikii kwa wavivu. Nalisikia kwa wanaosoma kweli, waliokwisha kukariri parlo, parli, parla hadi usingizini, na bado Mwitaliano anawauliza "Come?" (umesemaje?) mara tatu. Chanzo chake ni Kiswahili chetu. Kwetu mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, neno baada ya neno, ukiacha machache kama barabara, ambayo mkazo ukihama huacha kuwa njia na kuwa "sawasawa". Kiitaliano nacho kimejaa maneno yanayoisha kwa irabu, kwa hiyo ulimi unadhani umefika nyumbani. Haujafika.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo: vitenzi anavijua, lakini haeleweki. Fuata hatua kwa mpangilio, maana kila moja inaibeba inayofuata.

## Vitu vya kuwa navyo

Daftari na kalamu za rangi mbili. Rangi moja ni ya kukatia silabi, nyingine ya mkazo tu.

Simu yenye kurekodi sauti. Sikio lako linakudanganya unapokuwa unasema. Halikudanganyi ukijisikiliza baadaye.

Kamusi ya Kiitaliano inayoonyesha mkazo. Ile ya Treccani iko mtandaoni. Tafuta abitare, na karibu na mwanzo wa maelezo utaona kwenye mabano: io àbito, kijialama juu ya irabu kikionyesha mkazo ulipo. Mabano hayo madogo ndiyo tunayoyafuata. Kamusi ya kutafsiria ya kwenye simu, ile inayokupa neno na maana basi, haifai kwa kazi hii.

Vitenzi kumi vya kazi yako mwenyewe. Mimi nitatumia hivi: parlare (kuzungumza), pagare (kulipa), prenotare (kuweka nafasi), abitare (kuishi mahali), arrivare (kufika), telefonare (kupiga simu), prendere (kuchukua), vedere (kuona), dormire (kulala), capire (kuelewa).

Alama zangu ni mbili: kistari ni mpaka wa silabi, herufi kubwa ni silabi yenye mkazo. Waitaliano wenyewe hawaandiki hivyo. Wanaandika pagano na kukuacha ujue. Na neno shadda, ambalo wengi hulitumia kwa maana ya mkazo, nimeliweka akiba kwa kazi ya hatua ya 2.

## Hatua ya 1: Kata silabi, lakini usitumie kisu cha Kiswahili

Ukihesabu silabi vibaya, kila kitu kinachofuata kitakwenda kombo, kwa sababu hutajua mkazo unauweka wapi.

Konsonanti moja ikiwa katikati ya irabu mbili, tuko sawa na wao: pa-ga-re, a-bi-ta-re, te-le-fo-na-re. Hapo huna la kujifunza.

Shida inaanza kwenye n, m, l na r zikifuatwa na konsonanti nyingine. Shuleni tulifundishwa pe-nda, ta-ndi-ka, ku-mba. Kwetu nd na mb ni fungu moja linaloanza silabi. Kiitaliano kinalipasua: pren-do, ven-do, par-lo, dor-mo. Konsonanti ya kwanza inafunga silabi ya nyuma. Sema ven-do polepole: ulimi unagusa nyuma ya meno, unatulia hapo kidogo, ndipo d inatoka. Ukisema ve-ndo kama "penda" yetu, ile n inamezwa na mkazo unakosa pa kukaa.

S inakwenda kinyume. Ikifuatwa na konsonanti tofauti, inasogea mbele pamoja nayo: a-spet-to, ca-pi-sco, co-no-sco, re-sto. Njia rahisi ya kukumbuka: kundi la konsonanti linaloweza kuanzisha neno la Kiitaliano halikatwi. Kuna maneno yanayoanza na st, sp, sc, tr, pr, br, dr. Kwa hiyo ni a-pro, ve-drò, en-tro, com-pro. Katika com-pro, m imebaki nyuma na pr imekwenda mbele.

Herufi mbili zenye sauti moja hazitengani kamwe, kama vile sisi tusivyoweza kutenganisha sh au ny: pa-ghi, gio-chi, so-gno, la-scio, vo-glio. Angalia, ch yao ni k yetu. Cerchi (unatafuta) husomwa karibu na "cherki".

Kisha irabu, na hapa ndipo wengi wanapoanguka. Kwetu kila irabu ni silabi yake: ka-a, u-a, pa-u-a. Kwao, i na u zisizo na mkazo zikikaa kando ya irabu nyingine huungana nayo: vie-ne, pia-ce, suo-no, nuo-ta. Mara nyingine i haitamkwi kabisa. Imewekwa tu ili g isomwe j, au c isomwe ch. Mangiare ni man-gia-re, silabi tatu. Mswahili husema ma-nji-a-re, nne, na tayari ameshapotea njia.

I ikibeba mkazo, hapo husimama peke yake: in-VI-o, natuma. Ndiyo maana "unasoma" ni tu studi, i moja, na "unatuma" ni tu invii, i mbili. Ukielewa hilo umeelewa tahajia ambayo vitabu vingi huiita kighairi na kuiacha hivyo hivyo.

Umefaulu ikiwa hesabu yako imefika hapa: pagare, parlare, prendere, vedere, dormire na capire silabi tatu kila kimoja; prenotare, abitare na arrivare nne; telefonare tano.

## Hatua ya 2: Bana konsonanti pacha

Konsonanti iliyoandikwa mara mbili hukatwa katikati: han-no, leg-go, met-to, ar-ri-vo. Nusu inafunga silabi, nusu inafungua inayofuata.

Uliyepitia chuoni kwa mwalimu wa Kurani umeshafanya jambo hili maelfu ya mara. Ni shadda: herufi inabanwa, sauti inakaa, ndipo inaachiwa. Usiyepitia huko, sema nne. Ile n ya kwanza unavyoishikilia kabla ya kufika kwenye pili, ishikilie vivyo hivyo katika hanno. Kisha hamishia ujuzi huo kwenye t, p, g, ambako Kiswahili hakijakuzoesha. Kwa t unafunga pumzi kabisa, kimya cha kufumba na kufumbua, halafu unaachia: met-to.

Kwa nini tunahangaika nayo? Kwa sababu vitenzi vinaitegemea. Parleremo ni "tutazungumza". Parleremmo ni "tungezungumza". Mteja anayesikia m moja anaamini umeahidi. Na nje ya vitenzi kuna anni, miaka, ambayo ikitamkwa kwa n moja inageuka sehemu ya mwili isiyotajwa mbele ya wakwe. Ukiulizwa umri, ibane hiyo n.

Kuna faida nyingine. Irabu yenye mkazo hurefuka kidogo kama silabi iko wazi, na hubaki fupi kama silabi imefungwa. PA-ga ina a ndefu. PAR-la ina a fupi. Ukipata urefu huo, hata mkazo wako utasikika wa Kiitaliano.

Jipime: rekodi sete, sette, pala, palla bila mpangilio, iache mpaka jioni, kisha sikiliza ukiandika unachosikia.

## Hatua ya 3: Fungua kitenzi vipande vipande

Kiswahili kinaweka mtendaji mbele: tu-li-zungumz-a. Sisi, wakati, mzizi, kiishio. Kiitaliano kinaanza na mzizi na mtendaji anakuja nyuma ya wote. Chukua parlavamo, tulikuwa tukizungumza:

parl (mzizi) + a (irabu ya kundi) + va (wakati) + mo (sisi)

Irabu ya kundi ni a kwa vitenzi vya -are, e kwa vya -ere, i kwa vya -ire. Nafsi unazikuta mwishoni: -mo sisi, -te ninyi, -no wao, na mahali pachache -ro wao. Kwa kuwa nafsi imebebwa na mkia, Waitaliano huacha io, tu, noi bila wasiwasi. Ukiumeza mkia, hakuna anayejua ni nani unayemsema.

Onyo: mipaka ya vipande vya maana si mipaka ya silabi. Mzizi ni parl-, lakini silabi ni par. Andika mistari miwili daftarini, mmoja chini ya mwingine:

parl-a-va-mo
par-la-va-mo

Mstari wa juu unakuambia neno lina maana gani, wa chini unakuambia mdomo ufanye nini. Mwanafunzi anayeichanganya mistari hii atakata parl-o na kuishia kutamka kitu kama "parlu-o". Nimekwisha kukisikia.

## Hatua ya 4: Wakati uliopo, nafsi nne mzizini, mbili mkiani

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo wiki nzima.

io PAR-lo
tu PAR-li
lui, lei PAR-la
noi par-LIA-mo
voi par-LA-te
loro PAR-la-no

Mimi, wewe, yeye na wao wana mkazo kwenye mzizi. Sisi na ninyi wana mkazo kwenye mkia. Tazama sasa Mswahili anavyopita hapo akiwa na desturi yake ya silabi ya pili kutoka mwisho: tano za kwanza anazipata bure, bila kujua kwa nini. Ya sita inamwangusha. Ndiyo maana mtu anaweza kusoma miezi sita akajiona hodari, mpaka siku anayohitaji kuwasema watu wawili.

Kanuni ya kuponya ni moja, iandike kwa ile rangi ya mkazo: chukua umbo la yeye, usiguse mkazo wake, kisha bandika -no.

PAR-la, PAR-la-no. PA-ga, PA-ga-no. PREN-de, PREN-do-no. DOR-me, DOR-mo-no. Katika -ere na -ire irabu inageuka kuwa o, lakini mkazo haujasogea hata unywele.

Ulimi utakataa, na sababu yake ni hii: kwetu ukibandika kitu nyuma ya neno, mkazo unavutwa. SO-ma huwa so-ME-ni. NYU-mba huwa nyu-MBA-ni. Tumeishi hivyo tangu utotoni. Kiitaliano kinaupigilia mkazo msumari, mkia urefuke unavyotaka.

Zoezi lake ni la mezani. Piga meza kwa kidole mara moja tu, kwenye mkazo, ukisema yeye halafu wao: PAR-la (ngo), PAR-la-no (ngo). Kidole kikigonga baada ya neno kuanza kuyoyoma, umekosea. Ishirini kila asubuhi, kabla ya chai.

Capire na wenzake huingiza -isc-, na mkazo unahamia kwenye kipande hicho kwa nafsi zile zile nne: ca-PI-sco, ca-PI-sci, ca-PI-sce, ca-PI-sco-no, lakini ca-PIA-mo, ca-PI-te.

Hanno, vanno, fanno, sanno, danno na stanno hazitakusumbua. Zina silabi mbili tu, mkazo uko pale tunapoupenda. Usizitumie kama ushahidi kwamba "wao" wote wako hivyo.

Kama bado unajiuliza hasara ni ipi: PER-do-no ni "wanapoteza", per-DO-no ni "nasamehe", au msamaha wenyewe. Jaribu kueleza kwa mkazo usio wake kwamba wageni wanapoteza pesa zao.

## Hatua ya 5: Mizizi mirefu, pale kamusi inapolazimika

Parl- ina irabu moja, mkazo hauna pa kukimbilia. Abit- ina mbili, telefon- ina tatu. Mkazo uko mzizini, sawa, lakini kwenye irabu ipi?

Hakuna njia ya kuujua kwa kutazama maandishi. Mwalimu akikuambia ipo, mpe evitare na invitare. Kuepuka na kualika, vimefanana kama mapacha kwa jicho. Naepuka ni E-vi-to. Naalika ni in-VI-to.

Hivi vinaurudisha mkazo mbali: A-bi-to (naishi), VI-si-to (natembelea), OR-di-no (naagiza), NA-vi-go (nasafiri majini), te-LE-fo-no (napiga simu), de-SI-de-ro (natamani), di-MEN-ti-co (nasahau). Hivi vinauweka karibu: ar-RI-vo, pre-NO-to, la-VO-ro, ri-COR-do, pre-PA-ro, im-PA-ro.

Sasa tumia kanuni ya hatua ya 4 kwa kundi la kwanza: A-bi-ta-no, te-LE-fo-na-no, de-SI-de-ra-no. Mkazo silabi ya nne kutoka mwisho! Kwa sikio la Kiswahili ni kama mtu ametupa jiwe kisimani na silabi tatu zinaanguka nyuma yake. Usiziharakishe wala kuzimeza. Zitamke zote, kwa sauti nyepesi. Mhudumu wa hoteli Malindi au Kiwengwa anayesema "I signori desiderano?" kwa mkazo wake halisi ameshaonyesha kwamba si wa kubahatisha.

Nomino ya ukoo mmoja mara nyingi husaidia: il telèfono na telèfono, la vìsita na vìsito, l'òrdine na òrdino, l'invìto na invìto. Lakini usiiamini moja kwa moja, maana desidèrio ina mkazo kwenye e na desìdero kwenye i.

Ushauri wangu, na huu nimeutolea jasho: usikariri kamwe kitenzi cha -are kwa umbo la kamusi peke yake. Kariri jozi: abitare, àbito. Prenotare, prenòto. Orodha zinazouzwa mitaani zenye abitare "kuishi" na basi, zimekupa nusu ya neno.

## Hatua ya 6: -ere zina kambi mbili

Majina ya vitenzi vya -are na -ire hayana ubishi: par-LA-re, dor-MI-re, daima pa pili kutoka mwisho. Vya -ere vimegawanyika.

Kambi ndogo ina mkazo kwenye -ere yenyewe: avere, vedere, sapere, potere, dovere, volere, tenere, rimanere, cadere, sedere, piacere, temere, valere, godere, tacere, pamoja na watoto wao kama mantenere na rivedere. Hivi tunavipata bila jasho: ve-DE-re. Vikariri ili ujue vinapoishia.

Kambi kubwa ina mkazo mzizini: PREN-de-re, LEG-ge-re, SCRI-ve-re, CHIU-de-re, MET-te-re, VEN-de-re, PER-de-re, RI-de-re, VI-ve-re, co-NO-sce-re, ri-SPON-de-re. Ukikutana na -ere mpya ambayo haiko kwenye orodha ndogo, anza na dhana kwamba mkazo uko mzizini, kisha hakikisha kwenye kamusi.

Ukiteleza hapa unaweza kutoa neno jingine kabisa. LEG-ge-re ni kusoma. Leg-GE-re ni "nyepesi", kwa vitu vya kike vilivyo vingi. "Napenda nyepesi" haimaanishi unapenda vitabu.

## Hatua ya 7: Mkazo wa mwisho na nyakati nyingine

Hapa angalau Kiitaliano kinakuonea huruma: mkazo ukiangukia irabu ya mwisho ya neno lenye silabi zaidi ya moja, ni lazima alama iandikwe. Parlerò, nitazungumza. Parlerà, atazungumza. Parlò, alizungumza. Usiiache ukiandika ujumbe. Kwenye simu nyingi unabonyeza o na kuishikilia mpaka ò itokee. Parlo bila alama ni "nazungumza", mtu tofauti na wakati tofauti.

Vitenzi vya silabi moja havifuati utaratibu huo wote: va, fa, sa, sta haviandikwi alama, ila può inayo, na dà (anatoa) inayo ili isichanganywe na da (kutoka).

Kipimo changu ninachokipenda ni maneno matatu yenye herufi zile zile:

"Se capito a Malindi, ti chiamo." CA-pi-to: nikitokea Malindi, nitakupigia.
"Ho capito." Ca-PI-to: nimeelewa.
"Capitò di notte." Ca-pi-TO: ilitokea usiku.

Ukiweza kuyasema yote matatu mfululizo bila kusita, sehemu ngumu umeivuka.

Nyakati zilizobaki tuzipitie haraka, maana kanuni ya "wao" bado inafanya kazi. Wakati wa mazoea uliopita: par-LA-va, par-LA-va-no, lakini par-la-VA-mo, par-la-VA-te. Ujao: par-le-RA, par-le-RAN-no, mkazo silabi ile ile. Masharti: par-le-REB-be, par-le-REB-be-ro. Uliopita wa masimulizi: par-LO, par-LA-ro-no, irabu imebadilika, mahali ni pale pale. Dhamira ya kutamani: par-LAS-se, par-LAS-se-ro. Hapo mwisho kuna mtego mmoja: "sisi" yake ni par-LAS-si-mo, ya tatu kutoka mwisho, mahali ambapo umeshazoea kuiamini sisi.

## Hatua ya 8: Viwakilishi vinavyoning'inia

Amri hubandikwa viwakilishi nyuma. Mkazo, kama ulivyokwisha kuona, hautikisiki.

PAR-la, PAR-la-mi (zungumza nami). POR-ta, POR-ta-me-lo (niletee hicho). Te-LE-fo-na, te-LE-fo-na-mi (nipigie). Majina ya vitenzi nayo hupoteza e ya mwisho na kubaki na mkazo wake: PREN-der-lo, ve-DER-lo, par-LAR-mi.

Amri fupi da', di', fa', va', sta' zina desturi yao: konsonanti ya kiwakilishi huwa pacha. Dam-mi, dim-mi, fam-mi. Kisha DAM-me-lo, DIM-me-lo. Rudi hatua ya 2 kama bado unasema "dami".

Mswahili akifika kwenye portamelo husema por-ta-ME-lo, kwa wimbo ule ule wa "niletee". Dawa ni kulijenga neno kwa tabaka: sema POR-ta mara tano, kisha POR-ta-me mara tano, kisha zima. Usianze na neno zima.

## Hatua ya 9: Mtihani

Rekodi sentensi hizi bila kutazama majibu.

1. I clienti arrivano domani e pagano subito.
2. Dove abitano? Telefonano sempre tardi.
3. Se perdono la barca, prendono il taxi.
4. Volevano vedere le tartarughe, ma dormivano.
5. Parlerò con loro e vedremo.
6. Portamelo domani, non dimenticarlo.

Majibu: ar-RI-va-no, PA-ga-no, SU-bi-to. A-bi-ta-no, te-LE-fo-na-no. PER-do-no, PREN-do-no. Vo-LE-va-no, ve-DE-re, dor-MI-va-no. Par-le-RO, ve-DRE-mo. POR-ta-me-lo, di-men-ti-CAR-lo.

Makosa yakiwa kwenye 1 hadi 3 pekee, rudi hatua ya 4 na meza yako. Yakiwa kwenye 2 tu, tatizo ni kamusi hujaifungua. Ukikosa ya 6 peke yake, endelea na kazi zako, hiyo itakuja.

Kisha nenda kwa Mwitaliano halisi, mteja au jirani, umwambie sentensi ya kwanza kwa kasi yako ya kawaida. Usimuulize kama umetamka vizuri. Watu wa heshima watakusifu tu. Tazama anajibu nini. Akikuuliza wanafika saa ngapi, umefika. Akisema "Come?", rekodi tena kesho.